Shoka Lililobaki Ndani ya Mwembe

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, na Babu alikuwa analipiga lile pande la mwembe kwa mara ya kumi na moja. Nilikuwa nahesabu bila kukusudia, maana kila pigo lilisikika mpaka jikoni, na kati ya pigo na pigo kimya kilizidi kurefuka. Pigo la kumi na moja shoka likazama. Akalitikisa kushoto, akalitikisa kulia, akaweka mguu juu ya gogo akavuta. Mpini ukakatika palepale shingoni mwa chuma.

Babu akarudi nyuma hatua mbili, mpini mkononi, kisha akakaa chini mchangani.

Nilitoka mbio. "Babu, umeumia?"

"Sijaumia, mama. Mwembe huu umenigomea tu."

Nikamletea maji kwenye kikombe cha bati. Mkono uliokipokea ulikuwa unatetemeka, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakusema kitu kuhusu yale maji. Na mimi sikusema.

Chuma cha shoka kikabaki ndani ya gogo.

## Kazi isiyoandikwa kwenye daftari

Mama yangu ana miaka 68 na bado ndiye anayeonja chumvi ya kila sufuria inayotoka uani kwetu Mbagala. Anapika shughuli tangu mimi niko darasa la tatu: harusi, hitima, maulidi, arobaini. Mimi nimeshika daftari na simu za wateja mwaka wa tisa huu. Kwenye daftari langu kuna mchele, nyama, vitunguu, nauli ya kirikuu, posho ya wanawake wanaokuja kumenya. Kuni zimo, lakini zimeandikwa mstari mmoja tu: "kuni". Nani anazichanja, kwa muda gani, kwa mgongo upi, hakuna mahali pameandikwa.

Babu, mzee anayetuchanjia kuni, alikuwa anakuja Alhamisi, shoka begani. Anachanja, anapanga ukutani, anakula, analipwa kwa fungu, anaondoka. Ijumaa usiku moto unapowashwa, kuni ziko pale.

Mwembe ndio uliolileta jambo mbele ya macho yangu. Mizizi yake ilikuwa imeanza kuunyanyua ukuta wa jirani, tukapeana maneno, tukaelewana, serikali ya mtaa ikahusishwa, mti ukaangushwa mwezi wa pili kabla ya masika. Fundi wa msumeno wa mashine akaukata mapande ya sentimita 45. Lile kubwa kuliko yote lina upana wa sentimita 60. Nimelipigia hesabu: pande la ukubwa huo, likiwa bichi, linapita kilo 100. Watu wawili wanalibingirisha. Hawalinyanyui.

Yalikuwa mapande kumi na mawili, na tulimwachia mzee wa miaka sabini na kitu mwenye shoka moja na kandambili.

Kwa wiki tatu baada ya ile Jumamosi nilikuwa naamka usiku na swali lilelile. Lile shoka lingeteleza badala ya kuzama, likamwingia mguuni, ningewaambia nini watoto wake? Kwamba tulikuwa tunampa chakula cha mchana?

## "Dada, hii tani saba"

Nilikwenda Kariakoo nikitafuta mashine ya kuchanjia kuni. Maduka matatu hawakunielewa, wakanitolea mashine ya kukata majani na msumeno. La nne walikuwa nayo moja, iko kwenye boksi, ya umeme. Muuzaji akaipiga boksi kofi: "Dada, hii tani saba. Hakuna mti utakaoikatalia."

Nilirudi nyumbani na lile neno, tani, nikalibeba kwa siku kadhaa kama vile ndilo jibu.

Baadaye ndipo nilipokaa na fundi wa haidroliki mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, mtu anayetengeneza jeki na mikono ya kijiko, akanifafanulia kitu chenyewe. Mota inazungusha pampu. Pampu inasukuma oili ndani ya silinda. Oili inasukuma pistoni, na pistoni inalisukuma gogo kwenye kabari ya chuma. Nyingi zina pampu yenye hatua mbili: ya kwanza oili inapita nyingi kwa nguvu ndogo, pistoni inakimbia, ikikutana na ukinzani, oili inapita kidogo kwa nguvu kubwa, pistoni inatambaa. Tani ni kipimo cha msukumo wa hiyo pistoni. Za umeme za nyumbani nyingi ziko kati ya tani 4 na 7. Za petroli zinaanza huko kwenye makumi.

Lakini tani haikwambii gogo la urefu gani litaingia kitandani mwa mashine. Ile ya Kariakoo mwisho wake sentimita 52. Haikwambii unene, haikwambii mti wenyewe ni mbichi au mkavu, umenyooka au una panda. Mti uleule, pande la chini litafunguka kama ganda la karanga, na pande lililotoka pale matawi mawili yanapoachana litaikatalia mashine yenye nguvu mara mbili.

Fundi alinionesha pia video za aina nyingine kwenye simu yake. Kuna zisizotumia oili kabisa: magurudumu mazito yanazungushwa yakakusanya kasi, ukivuta wenzo kasi yote inamwagwa kwenye gogo, na pigo linakwisha kwa sekunde mbili au tatu. Niliziona nikashtuka. Muda wa kuondoa mkono ni mdogo mno. Kuna na ile ya parafujo: koni ya chuma yenye meno inazunguka, unalisogezea gogo, inalichimba mpaka linapasuka.

Ile niliikataa palepale. Uani kwetu siku ya shughuli kuna wanawake kumi na tano, kila mmoja ana kanga kiunoni au dera linaloburuza. Chuma kinachozunguka wazi namna ile kikikamata pindo la dera, hakuna atakayewahi kufika kwenye swichi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nauliza swali la muuzaji. Yeye anauliza nguvu. Mimi nilitakiwa niulize chuma chenye makali kiko wapi wakati mkono uko wapi.

Kuna msichana wa New Zealand, Ayla Hutchinson, aliyeliona hili akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 2013 alibuni kifaa cha kuchanjia vijiti vya kuwashia moto, baada ya mama yake kujikata kidole akifanya kazi hiyo. Ni pete ya chuma iliyosimama, na chini yake kabari imetazama juu. Unaweka kipande cha kuni juu ya kabari, unakipiga kwa nyundo. Makali hayaondoki mahali pake hata siku moja. Kinachotembea ni kuni. Mimi nilipoisoma habari ile nilikaa nayo muda mrefu, kwa sababu shoka la Babu ni kinyume chake kabisa: makali yanaruka hewani, na mguu uko chini yanaposhukia.

## Mashaka mawili

La kwanza lilikuwa Babu mwenyewe.

Nikinunua mashine, Alhamisi yake inakwenda wapi? Nilijiambia namwonea huruma, kumbe ningemwondolea hatari pamoja na riziki, halafu nikajisifu kwa ile ya kwanza tu. Sikuwa na jibu. Niliendelea kuuliza bei huku sina jibu.

La pili ni kubwa kuliko ua wetu. Mwezi wa tano mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka kumi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Na mimi nauamini. Nimekua na kikohozi cha mama yangu. Nimeyaona macho yake yalivyo mekundu Jumapili asubuhi. Sasa nini hiki, natafuta mashine ya kuhudumia moto ambao nchi nzima inaupa mkono wa buriani?

Chai yetu, maandazi, mchuzi, sasa hivi vyote ni gesi. Kilichobaki kwenye kuni ni wali na pilau ya watu wengi. Mwenye kupika anajua sababu. Sufuria la kilo arobaini za mchele linataka moto mpana chini, kisha maji yakikaribia kukauka linataka moto uondolewe, libaki joto tu, na makaa yapaliwe juu ya mfuniko. Mama anayachota kwa koleo, anayatandaza kuanzia ukingoni kuelekea katikati, katikati anaacha kidogo kwa sababu mvuke unatokea pale. Anaweka kiganja juu, hewani, hagusi. Anahesabu kimoyomoyo. Kisha anaongeza koleo moja upande unaotazama ukuta, kwa sababu upepo wa kusi unaupoza. Bado sijaona jiko la gesi linalofanya hivyo kwa sufuria la ukubwa ule. Siku nitakayoliona nitaliandika hapahapa.

Mpaka siku hiyo, kuni tutakazochoma nataka ziwe chache, ziwe kavu, na zitoke kwenye miti iliyokwisha kuanguka. Dar inajenga kila siku. Kila wiki kuna mwarobaini unaopisha msingi, mkungu unaopisha geti, na magogo yake yanatupwa au kuchomwa pembeni ya barabara. Wakati huohuo malori yanatoka Kisarawe na kuni za msitu, na tunajua misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilivyonyofolewa kwa miaka mingi. Watu hawayataki magogo ya mitaani kwa sababu moja tu: ni manene na hayachanjiki.

Na moshi nao una chanzo. Mti uliokatwa leo, nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Ukiuchoma hivyo, moto unafanya kwanza kazi ya kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni, ndiyo moshi ule mweupe unaouma. Kuni nzuri ni ile ambayo maji yake yameshuka chini ya asilimia 20. Gome limeumbwa kuzuia maji yasitoke, kwa hiyo gogo zima linaweza kulala mwaka mzima na kiini chake bado kibichi. Lililochanjwa linakauka kwa miezi.

Kwa hiyo mashine ya kuchanjia kuni, kwa macho ya mama yangu, ni mashine ya kupunguza moshi. Nilipolifikisha hapo nikapata usingizi.

## Kirikuu kutoka Kibada

Sikununua kwanza. Mteja wetu mmoja wa Kibada alikuwa amerudi kutoka Ujerumani na vitu vyake kwenye kontena, na ndani yake kulikuwa na mashine ya umeme ya tani 7 ambayo hapa hakuwa na kazi nayo. Akaniazima. Ikaja na kirikuu Alhamisi ileile ambayo Babu alikuja na shoka la kuazima.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya.

Nilivuta ekstensheni ya mita 30, ile nyembamba tunayotumia kwa taa za sherehe, nusu yake bado imezungushwa kwenye kibuyu chake. Mota ikanguruma kwa sauti nzito, pistoni haikusogea. Nikarudia. Breka ikakata nyumba nzima, na waya nilipougusa ulikuwa wa moto. Mashine ile ni wati 2200. Kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 10, na ikianza kusukuma inavuta zaidi. Waya mwembamba mrefu unakula umeme njiani, mota inabaki na njaa, inaungua. Fundi umeme wa mtaani akanifungia soketi ukutani karibu na kuni, na waya mfupi wa milimita za mraba 2.5. Ekstensheni yoyote ile, kunjua yote. Ikibaki imezungushwa inajipasha moto yenyewe.

Tukawasha tena, ikasukuma. Magogo matatu ya tawi, safi kabisa. Kisha simu kutoka Kibada: "Dada, umelegeza ile skrubu ya hewa?"

Sikuwa nimelegeza. Ni skrubu ndogo mwishoni mwa silinda, ukiitazama unadhani ni ya kufungia tu. Ukisafirisha mashine unaikaza ili oili isimwagike. Ukianza kazi unailegeza mizunguko michache ili hewa iliyo juu ya oili ipate pa kutokea na kuingilia. Ukisahau, ile hewa inabanwa na kubanwa kila pistoni inapotembea, mpaka sili zinapasuka. Na sili ndiyo roho ya mashine hii. Tangu siku hiyo nimefunga kitambaa chekundu kwenye wenzo; hakitolewi mpaka skrubu iguswe.

Halafu likaja pande lenye panda.

Nililiweka kama lilivyokuja mkononi. Kabari ikazama vidole vitatu, ikasimama. Nikaendelea kubana, nikidhani itajitahidi. Mota ikabadilika sauti. Kijitabu kinasema usizidishe sekunde tano, kwa sababu oili isiyokwenda popote inachemka, na mimi nilikuwa nimepita sekunde tano zamani.

Babu alikuwa amekaa chini ya mkungu tangu asubuhi, anatazama. Hakuwa amesema neno. Akasimama, akaja.

"Achia, mama."

Nikaachia.

"Umelisukuma kinyume. Mti unafunguka ulivyokua." Akapitisha kidole gumba kwenye uso wa gogo, akaufuata ufa mmoja mwembamba kama unywele ambao mimi sikuwa nimeuona. "Huu umeshaanza wenyewe. Mfuate huyu. Geuza, shina litazame chuma, panda ikae nyuma. Chuma kipite katikati ya hawa ndugu wawili, kisimkate mmoja."

Tukageuza. Nikabana. Ikasikika sauti ya shuka linalochanika, ndefu, halafu *ta*, na pande likalala pande mbili. Ndani rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyotiwa chai, na harufu ya embe bichi ikajaa ua mzima.

Babu akaliokota moja, akalinusa. "Tumelichelewesha," akasema. "Huyu alitaka kuchanjwa mwezi wa pili."

## Nilichokuwa sikijui

Pale ndipo mawazo yangu yalipogeuka, na naona aibu kwamba ilichukua muda wote ule. Nilikuwa nimepanga kununua mashine ili Babu asihitajike. Mashine ilichokuwa nacho ni msukumo. Haina jicho. Babu alikuwa na jicho la miaka hamsini na bega lililokwisha, na mimi nilikuwa nimeyaona kama kitu kimoja.

Yale mapande makubwa mashine haikuyaweza hata kidogo. Sentimita 60 hazilali kwenye kitanda kile. Babu akatafuta ufa uliofika mpaka ukingoni, akapanda kabari ya chuma hapo, nyundo fupi fupi, bila kuinua juu ya bega. Kabari ya pili mbele ya ya kwanza. Anapiga moja, anasikiliza, anapiga nyingine. Lilipofunguka nusu, akafanya robo, na robo ndizo zikaenda mashineni. Pande lenye mafundo mengi hakulipasua katikati. Alilimenya kwa pembeni, kipande kwa kipande, kama mtu anayemenya muhogo.

Nilifikiria pia mashine ya petroli, zile zinazosimama wima unabingirishia gogo bila kulinyanyua. Ingeyaweza yote. Injini yake ni ndugu wa injini za jenereta, fundi wake yuko kila kona. Lakini bei yake ingemeza malipo ya shughuli zetu tano, na ukuta wa jirani uko mita mbili kutoka tunapochanjia. Jirani yuleyule wa mwembe. Kelele ile ya siku nzima sikutaka kumpelekea. Umeme ukikatika, kuni zinangoja. Kuni za shughuli ya mwezi wa kumi na mbili tunazichanja sasa.

Nikanunua ile ya Kibada, mwenyewe akanipunguzia. Bati linalosukuma gogo ndilo linalotembea, kabari imesimama. Mkono mmoja unabonyeza swichi, wa pili unashika wenzo, ukiachia mmoja tu inasimama. Mikono yote miwili ina kazi mbali na makali. Hilo ndilo nililolipia.

## Bei ya fungu

Babu alikataa wiki mbili. "Mimi si mtu wa mashine." Sikumlazimisha. Nilimwomba anisimamie tu, aseme gogo ligeuzwe vipi. Wiki ya tatu alichoka kusema, akaniambia nisogee.

Tulinunua viatu vya kufunika na miwani ya fundi wa kuchomelea, ile nyeupe. Kandambili zinakaa getini. Nilitaka niwe nampangia magogo yeye akibonyeza, ionekane tunasaidiana, lakini hiyo ndiyo namna watu wanavyokatwa vidole: mmoja anaweka, mwingine anadhani ameshatoa mkono. Mtu mmoja tu anaweka na kubana. Mwingine anakaa mbali, anabeba zilizokwisha. Na oili ikivuja kwenye mpira, hatupapasi kwa kidole. Inatoka kwenye tundu la ukubwa wa sindano kwa nguvu ya kupenya ngozi. Tafuta panapovuja kwa kipande cha boksi, kisha zima kabla ya kugusa.

Suala la malipo nililiharibu. Niliona fungu lililokuwa linachukua asubuhi nzima sasa linakwisha kwa saa moja na nusu, nikamwambia Babu labda tuhamie malipo ya siku. Nilikuwa na kalamu mkononi. Babu akaitikia "sawa, mama" kwa sauti ambayo sijaisahau, ni ileile ya "sijaumia".

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Fungu ni fungu. Ulikuwa unamlipa kuni au ulikuwa unamlipa jasho?"

Nikasema kuni.

"Basi kuni hizo hapo."

Bei ya fungu haikubadilika. Sasa Babu anakuja Jumatatu na Alhamisi, na siku ya tatu majirani wawili wanaleta magogo yao hapahapa, wanamlipa yeye, sisi wanatupa ya umeme. Mwarobaini umekuja mwingi. Mama haupendi chini ya wali, anasema unaacha harufu, tunauweka kwa maji ya kuoshea. Mvinje unagombaniwa, unawaka hata ukiwa bado na unyevu, ila uchanjwe mapema. Mkaratusi vilevile: mbichi unafunguka, mkavu unageuka chuma. Mnazi tumeuacha. Nyuzi zake hazipasuki, zinajisokota kwenye kabari mpaka unazikata kwa panga. Vifuu na makumbi yake vinatutosha kuwashia.

Kuni zinapangwa juu ya matofali, zisiguse mchanga, maganda juu, mgongo wa rundo ukiangalia upepo. Juu mabati mawili, pembeni wazi. Turubai la kufunika kote linazipikia mvuke.

Hitima ya mwezi uliopita ilikuwa ya kwanza kwa kuni za mwembe wetu zilizochanjwa kwanza, zile za matawi. Nilisimama upande ambao moshi huwa unakwenda. Mama alipalia pilau akiwa ameweka kiganja chake hewani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikumwona akifuta macho kwa ncha ya kanga.

## Lile pande

Pande la kumi na mbili hatukuliweka mashineni, maana lilikuwa na chuma ndani yake. Lilikaa ukutani tangu ile Jumamosi, juani, likipigwa na upepo mkavu wa kipupwe. Mimi nilitaka kumwita fundi wa msumeno. Babu akasema liachwe.

Juzi Alhamisi alikuja kabla sijafungua geti. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa mbele ya lile pande. Ufa ulikuwa umepanuka, kidole kinaingia. Akashika chuma cha shoka kwa mkono mtupu, akakitingisha mara moja, kikatoka.

Akakifuta kutu kwa mchanga. Alikuwa amekuja na fito ya mpera, imenyooka, imekauka. Akakaa chini ya mkungu na kipande cha chupa, akaanza kuukwangua mpini, kidogo kidogo, vinyweleo vya mti vikimwangukia kwenye viatu vyake vipya.

"Shikamoo, Babu. Shoka la nini tena?"

"Marahaba, mama." Akaunyanyua mpini mbele ya jicho moja, akautazama ulivyonyooka. "Matawi madogo hayo," akasema, "siyo ya kuwashia umeme."